Kusubiri Moja

Kila aliyecheza ludo tangu utotoni amezoea kuombea sita. Bila sita kete haitoki ndani, na mtu hukaa ameukodolea ubao macho huku wenzake wakizunguka na kumcheka. Mwahija binti Suleiman yeye alikuwa akiombea moja. Mwalimu wa hesabu, mtu mzima mwenye akili zake, alikaa kila siku baina ya alasiri na magharibi katika chumba cha uani nyumbani kwa kaka yake kijijini Kiswere, simu sikioni na dadu kiganjani, akiiombea namba ambayo watoto wakiipata huzomeana. Kete yake ya mwisho ilikuwa imebakiza hatua moja iingie nyumbani. Kete ya mwisho ya Mudathiri, aliyekuwa upande wa pili wa simu kule Kilwa Masoko, nayo ilikuwa imebakiza hatua moja. Hapo katikati, kwenye hatua hizo mbili zisizotosha hata kuweka kidole gumba, ndoa yao ilikuwa imekwama.

Mudathiri alikuwa fundi seremala, tena alikuwa mume wake, au tuseme bado kidogo alikuwa mume wake. Alikuwa amemwacha talaka moja. Kwa sheria waliyolelewa nayo, mwanamke wa talaka moja hukaa eda, na humo ndani mume akitamka tu kwamba amemrejea, mke amerudi. Haulizwi mahari, haitwi sheikh. Eda humalizika hedhi ya tatu inapoanza. Hapo kila mtu na lwake, na mwanamume akimtaka tena ni lazima aje kuposa upya, kama kijana asiyejua hata mlango wa nyumba uko upande gani. Hesabu hiyo anaijua mwanamke mwenyewe. Hakuna wa kumkagua, na neno lake ndilo linalosadikiwa.

Ugomvi ulikuwa wa uhamisho. Bi Maimuna, mama yake Mwahija, alianza kuumwa miguu, na Mwahija akaomba ahamishiwe sekondari ya kata ya kwao. Kuomba si vibaya. Ubaya ni kwamba aliomba kimyakimya, akijiambia kwamba atamweleza mumewe jibu likitoka, kwa kuwa majibu ya uhamisho hutoka pale Mungu anapopenda. Basi likatoka, na likamfikia Mudathiri kabla halijamfikia yeye, kwa mdomo wa mteja aliyekuja kuchukua kitanda chake na kumtakia fundi safari njema. Mudathiri alirudi nyumbani na vumbi la mbao kwenye nyusi, akauliza kama ni kweli, akaambiwa ni kweli, akaongezewa na jingine la juu ambalo halikuwa na haja ya kusemwa, na talaka ikamtoka. Ilipomtoka alikaa chini. Mwahija naye alikaa chini. Walitazamana kama watu wawili walioangusha sahani ya kuazima. Wangekuwa na mtoto pengine angelia, nao wangepata la kufanya, lakini Mungu hakuwa amewajaalia. Kesho yake kaka yake Mwahija, Mfaume, akaja kumchukua.

Zikapita siku za kununa. Kisha simu ikaita.

"Mwalimu," alisema Mudathiri. Tangu waoane alimwita hivyo, naye alimwita Fundi. "Ubao bado uko mezani. Zamu ilikuwa yako."

Mwahija alijua ni ubao gani. Siku moja kabla ya ugomvi walikuwa wakicheza, umeme ukakatika, wakasema watamalizia kesho. Ubao huo Mudathiri aliuchonga mwenyewe mwaka waliooana, na sasa akamweleza, kwa sauti ya mtu anayezungumzia bei ya misumari, kwamba hakuugusa tangu siku ile. Alikuwa akila kwenye mkeka ili asiusogeze. Mwahija akaenda kuazima ubao wa watoto wa Mfaume, akamwambia amtajie kete zilipo, akazipanga moja moja kama zilivyokuwa.

Hapo Mudathiri akatoa sharti. Atakayeingiza kete zote kwanza ndiye atakayefuatwa. Akishinda yeye, Mwahija atarudi Masoko; akishinda Mwahija, yeye atafunga karakana na kuhamia Kiswere, na siku hiyohiyo atamrejea. Mwahija akauliza, akijifanya anauliza la kawaida tu, kwa nini asimrejee kwanza halafu wakacheza. Mudathiri akajibu kwamba akimrejea kabla hawajajua watakaa wapi, watagombana tena kwa lilelile, na talaka si njugu. Ziko tatu, na moja ameshaichezea. Lilikuwa jibu la mtu mwenye busara, na Mwahija alitamani siku hiyo mumewe angekuwa na busara pungufu kidogo.

Mfaume aliposikia alichemka. Alikuwa mchuuzi wa samaki, mtu wa kusema mambo wazi, na kwake dadu ni dadu na kamari ni kamari. Alisema kwamba hajapata kusikia watu na heshima zao wanaamua mambo ya ndoa kwa kidude chenye vitone. Bi Maimuna akamwambia awaache, hapana fedha iliyowekwa hapo, na watu wanaozungumza kwa vitone angalau wanazungumza. Mfaume akawaacha, lakini kila akipita uani saa ile alikohoa kwa makusudi.

Na kweli walizungumza kwa vitone. Kila mmoja alirusha kwake na kumtajia mwenzake alichopata, na hapakuwa na mtu wa kuhakikisha. Mengine hawakuyagusa. Hakuna aliyemuuliza mwenzake amelalaje. Lakini Mwahija alikuwa akisikia dadu linavyogonga mbao za ule ubao, na katikati ya kugonga na kutajwa kwa namba alisikia pumzi ya Mudathiri, na kwa pumzi hiyo alijua kama amekula au hajala, kama amechoka, kama mafua ya vumbi yamemrudia. Siku Mudathiri alipoila kete yake akacheka kile kicheko chake cha puani, Mwahija alilala na kicheko hicho. Alimtamani mtu huyu hata alipokuwa akimnunia. Alitamani mikono yake yenye harufu ya gundi, alitamani hata tabia yake ya kuacha penseli juu ya mto. Darasani alijikuta akitazama dirishani, upande wa barabara inayotoka Kilwa, huku wanafunzi wakimsubiri amalize sentensi.

Ndipo zile kete mbili za mwisho zikafika mlangoni, yake na ya Mudathiri, karibu pamoja. Kuanzia hapo ilikuwa moja tu. Mbili haikufai, tano haikufai, hata sita yenyewe haikusaidii kitu.

Katika siku hizohizo Bi Maimuna alimwita akamkalisha kitandani. Miguu yake ilikuwa mibovu lakini masikio alikuwa nayo mazima. Alimwambia binti yake kwamba yeye ana Mfaume na mke wa Mfaume, na nyumba imejaa watu wa kumnyanyua. "Wewe nani atakunyanyua?" alisema. "Nenda kwa mumeo. Kuniuguza mimi siyo kuachika." Mwahija alilia kidogo, kwa aibu zaidi kuliko huzuni, maana alijua kwamba ule uhamisho ulikuwa na ukaidi wake ndani yake, na siyo mama peke yake.

Alasiri hiyo akarusha dadu, na moja ikaja.

Ilikaa pale juu ya ubao wa watoto, kitone kimoja katikati. Mwahija aliitazama. Alikuwa ameshinda. Mudathiri angefunga karakana aliyoijenga kwa miaka, angepakia randa zake na misumeno yake kwenye gari, angekuja kukaa Kiswere kama mume aliyeshindwa kwenye ludo, na watu wangemwita hivyo mpaka wanamzika. Kwa kosa la nani?

"Nne," alisema.

"Nne," alirudia Mudathiri, akashusha pumzi. Akarusha lake. "Tatu. Basi, Mwalimu, mpaka kesho."

Mwahija alikata simu akiwa na furaha ya mwizi. Aliona amelipata jibu. Atamwacha Mudathiri apate moja yake, iwe leo, iwe kesho, ashinde kiume, amwite mkewe nyumbani, naye aende akiwa ameshindwa kihalali. Kila kurusha kuna nafasi moja katika sita. Mtu hahitaji kuwa mwalimu kujua kwamba jambo la namna hiyo halichelewi.

Likachelewa. Walikuwa wakirusha mara kadhaa kila siku kabla ya kuagana, na kila mara Mwahija alisikia dadu likigonga, likizunguka, likitulia, na Mudathiri akitaja. Mbili. Tano. Tano tena. Sita. Tatu. Naye Mwahija akataja zake, za kweli zilipokuwa za kweli, na ile moja ilipomjia, na ilimjia si haba, akaipa jina jingine. Mwanzoni alifurahia hata ule ucheleweshaji, maana kila siku isiyokuwa na moja ilikuwa na kesho yake. Alipita ukumbini akiimba. Mke wa Mfaume akamtania kwamba anaonekana kama mwari, siyo mtu aliyeachwa.

Mada iliyofuata darasani, kwa bahati au kwa kejeli ya mtaala, ilikuwa uwezekano. Aligawa madadu, akawaambia wanafunzi warushe na kujumlisha, na darasa likawa na kelele kama soko la samaki. Msichana mmoja wa nyuma akauliza swali ambalo kila mwaka lazima lipate mtu wa kuliuliza: mtu akikosa moja mara nyingi sana, si ina maana sasa imekaribia? Mwahija akamjibu kama anavyojibu kila mwaka. Dadu halina kumbukumbu. Halijui lilitoa nini jana, halimwonei mtu huruma, halimlipi aliyesubiri. Kila likirushwa ni moja katika sita, na aliyekosa mara mia anaanza sawasawa na aliyelishika sasa hivi.

Kisha akaandika ubaoni hesabu ya kukosa. Kukosa mara moja ni tano katika sita. Kukosa mara mbili mfululizo ni tano katika sita ya ile tano katika sita, yaani ishirini na tano katika thelathini na sita. Akaendelea kuzidisha. Mara kumi, humpata mtu mmoja katika watu sita hivi, jambo la kawaida kabisa. Mara ishirini, mmoja katika arobaini: darasa hili lote, mmoja. Mara thelathini, mmoja katika mia mbili na kitu: shule nzima, mmoja. Chaki ikasimama. Alikuwa akikumbuka jioni zao, akizijumlisha kichwani, na Mudathiri alikuwa ameshapita thelathini zamani. Alikuwa kwenye hamsini. Hamsini ni mmoja katika watu elfu tisa. Ungewakusanya watu wa Kiswere na vijiji vyote mpaka Kitomanga, ukawapa kila mmoja dadu lake, mkosaji wa namna ile angepatikana mmoja, tena kwa kutafutwa.

Wanafunzi walidhani mwalimu amesahau. Akawaambia wanakili, akakaa kitini.

Mtu wa kawaida angekata shauri hapohapo. Mwahija, kwa kuwa alikuwa anapenda, alijitetea kwanza kwa hesabu ileile iliyomshitaki. Mmoja katika elfu tisa si sifuri. Mmoja huyo yupo mahali fulani, ana jina na anakula ugali. Kwa nini asiwe fundi wa Masoko? Aliishikilia nafasi hiyo nyembamba siku nzima. Lakini jioni Mudathiri akataja nne, kisha mbili, kisha nne, na Mwahija akajua moyoni kama anavyojua jina lake kwamba mtu yule anamdanganya.

Hapo ndipo hesabu ilipomtupa mkono. Hesabu ilimwambia kwamba Mudathiri anadanganya. Kwa nini, haikusema. Huenda anadanganya kama anavyodanganya yeye, ili mwenzake ashinde. Na huenda anadanganya kwa sababu akitaja moja itambidi amrudishe mke nyumbani, naye hamtaki tena. Kwa namna alivyokuwa mpole, Mudathiri hakuwa mtu wa kusema sikutaki. Angerusha dadu lake, angetaja mbili na nne na tano kwa adabu, mpaka eda ipite yenyewe, kila mtu aende zake pasipo maneno. Kama ni hivyo, basi ule mchezo wote ulikuwa ni namna ya kumsindikiza.

Mwalimu Devota akaongeza kuni. Devota alikuwa mwenzake wa pale shuleni, mtu wa kule juu, uwanda wa Makonde, mcheshi asiyejua kuficha neno. Alikuwa amekwenda Masoko kwa shughuli zake, akarudi na habari kwamba amepita karakana ya Mudathiri mchana kweupe, siku ya kazi, akaikuta imefungwa. Jirani akamwambia siku hizi fundi haonekani sana. Huvaa shati safi akaondoka asubuhi. Devota alisema hayo akidhani anampa mwenzake jambo la kucheka. Mwahija alicheka. Mwanamume anayefunga kazi na kuvaa shati safi asubuhi, katika mji wowote wa pwani, watu wanajua anakwenda kuposa.

Toka siku hiyo hakupata usingizi mzuri. Moja zake ziliendelea kumjia, naye aliendelea kuziita majina mengine, ila sasa kwa sababu nyingine kabisa. Akisema moja, Mudathiri atalazimika kutimiza sharti. Atamchukua mke asiyemtaka kwa kuwa dadu limesema, na hakuna udhalilifu kama huo. Afadhali kuachwa. Hivyo ndivyo alivyojiambia, na alijiambia huku akisubiri alasiri kama mgonjwa anavyosubiri dawa. Alitamani mara elfu amuulize. Lakini mwanamke wa kwao haombi kurejewa. Neno la kurejea ni la mume, na mke huketi na staha yake akasubiri neno hilo, hata kama staha yenyewe inamla ini.

Hesabu ya mwili wake alikuwa nayo. Alijua kwamba imebaki kidogo sana. Siku moja tumbo likaanza kumvuta chini kwa namna anayoijua, na jioni hiyo alipiga moyo konde.

"Fundi," alisema, Mudathiri alipotaja tano. "Dadu lako."

"Limefanya nini?"

Uani Mfaume alikohoa. Mwahija aliona maneno yote yamempanda mpaka kwenye meno, akaona pia mji mzima wa Masoko, mlango wa karakana umefungwa, shati safi.

"Hakuna," alisema. "Rusha tena."

Dadu likagonga, Mudathiri akataja mbili, wakaagana.

Asubuhi Mwahija alipoamka alijua kabla hajatazama. Alitazama hata hivyo. Alikaa kwenye kibao cha msalani akiwa ameegemea ukuta, akasikia watoto wa Mfaume wakigombania ndoo, akasikia mama yake akiomba maji, na mambo yote yaliendelea kama kawaida, isipokuwa yeye hakuwa tena mke wa mtu. Hakulia pale. Alioga, akavaa, akaenda shule akafundisha vipindi vyake vyote, na kama alikosea popote hakuna aliyemwambia.

Aliwaza kutopokea simu. Ilipoita alasiri aliipokea ikiwa haijamaliza mlio wa kwanza.

"Leo sitaki kurusha," Mudathiri alisema. "Nina neno."

Mwahija alikaa juu ya kitanda. Alijiandaa kusikia jina la mwanamke.

"Jana uliniambia dadu langu, kisha ukaacha. Sikulala. Mwalimu, mimi nimekudanganya. Moja nilishaipata. Niliipata siku ileile tuliyofika mlangoni, na nimeipata tena na tena mpaka naona haya kuitazama."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema ungefunga mizigo ukaja, ukamwacha mama na miguu yake, kwa sababu ya hasira zangu za siku moja. Nikaona ushinde wewe. Nimekuwa nikija huko Kitomanga, karibu nanyi, kutafuta mahali pa kufungua kazi, na nimepata, pana kivuli na pana barabara. Nilikuwa nasubiri tu upate moja yako. Lakini Mwahija, dadu lako gumu. Sijapata kuona dadu gumu kama hilo."

Alikuwa amemwamini. Siku zote hizo, mtu huyu aliyekuwa akidanganya kila alasiri hakuwa ameshuku hata mara moja kwamba anadanganywa. Mwahija alitaka kucheka na machozi yakawahi.

"Si dadu," alisema. "Ni mdomo wangu. Mimi nami nimepata zamani."

Upande wa pili kikaja kile kicheko cha puani, kidogo, kisha kikubwa, na Mwahija alikisikiliza kwa mwili mzima, akijua kitakwisha na akijua kitakachofuata. Mudathiri akakohoa kusafisha koo. Sauti yake ilibadilika, ikawa ya mtu anayetaka kusema jambo sawasawa lisiharibike.

"Basi tuache madadu. Nimehesabu kwa vidole vyangu, naona eda bado inazo siku. Mwahija binti Suleiman, mimi Mudathiri nimeku…"

Mwahija alikuwa na nafasi ya kupumua mara moja. Angenyamaza tu. Neno lingetimia, angekuwa mke wake kabla ya magharibi, na hakuna mtu chini ya jua angejua, kwa kuwa neno la mwanamke juu ya jambo hilo ndilo linalosadikiwa. Alikwisha kuiita ile moja nne, na tano, na mbili, mara zisizo na idadi. Hii ingekuwa mara moja nyingine tu. Lakini namba alizokuwa akizigeuza zilikuwa za ubao wa watoto. Hii ilikuwa ya Mungu, na hakutaka kulala ubavuni mwa Mudathiri maisha yake yote akiwa mgeni wake kwa siri, si mkewe.

"Usilimalize," alisema.

"Nini?"

"Usilimalize neno hilo, Fundi. Eda imeisha. Leo asubuhi."

Alimsikia Mudathiri akivuta pumzi na kukaa nayo. Mbali, huko Masoko, mtu alikuwa akipiga nyundo kwenye bati. Mwahija alifikiri kwamba kama mtu huyu atasema, "Haya, ndivyo Mungu alivyopanga," basi yeye atakufa akiwa amekaa palepale kitandani.

"Leo asubuhi," Mudathiri alirudia. Kisha akauliza, "Mfaume yupo?"

"Yupo."

"Mpe simu."

Mwahija alitoka, akamkuta kaka yake barazani akihesabu makapu, akampa simu bila neno na kurudi nyuma ya mlango, kwa kuwa hapo hakuwa tena na ruhusa ya kusimama akasikiliza, ingawa alisimama akasikiliza. Mfaume aliitikia salamu. Alisikiliza sana. Uso wake mkavu haukuonyesha kitu. Akasema, hapana, usiseme shemeji, sema kama mtu asiyenijua, anza mwanzo, na mlete mtu mzima wa kwenu Ijumaa na mahari mkononi. Halafu akasema kwamba mambo ya simu za alasiri yamekwisha, mposaji hapigi gumzo na mchumba mpaka ndoa ifungwe, atakayetaka kurusha dadu akarushe na baba yake. Mwishowe akamwita dada yake.

Mwahija akatokea akiwa ameinamisha kichwa. Bi Maimuna alikuwa amejikokota mpaka kizingitini, na jirani wa nyumba ya pili alikuwa ameacha kutwanga.

"Yupo mtu wa Masoko anakuposa," alisema Mfaume, simu ikiwa wazi mkononi. "Ungekuwa mwari ningekuuliza ukanyamaza, na kunyamaza kwako kungenitosha. Wewe umeshaolewa. Sheria inataka uliseme kwa mdomo wako mwenyewe, nami nisikie. Unamtaka?"

Miezi yote ile hakuna aliyemwuliza hivyo, wala yeye hakumwambia mtu. Alikuwa ametaja namba. Aliinua kichwa.

"Namtaka," alisema. "Awe hapa, awe Masoko, namtaka."

Mfaume akasikiliza simu, kisha akainyoosha kuelekea kwake. "Huyu anasema hajasikia."

Alikuwa amesikia, Mwahija alijua kwa jinsi pumzi ilivyokatika humo ndani. Akalisema tena, kwa sauti, majirani wote wasikie, na alipomaliza akalisema mara ya tatu, bila kuulizwa na mtu.